Ilimba Mikononi mwa Wanawake

Nilikulia Berega, katika nchi ya Wakaguru, mahali ambapo Ugogo si mbali na ngoma za majirani zilitufikia bila kualikwa. Mavuno yakishaingia ghalani, wanaume walitoa zeze, ala ya nyuzi, na ilimba, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Sisi wasichana tuliitikia, tukapiga makofi na vigelegele. Wanawake wa Kigogo walikuwa na muheme, ngoma wanayoibana kwa mapaja, lakini zeze na ilimba vilikuwa na wenyewe. Msichana aliyegusa zeze la babu aliambiwa aliweke chini, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Ni redio iliyonijulisha kwa Hukwe Zawose, Mgogo ambaye Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam miaka ya 1960. Baadaye alikaa Bagamoyo, akalea ukoo mzima katika muziki. Mwaka 1996 Real World, lebo ya Peter Gabriel huko Uingereza, ilitoa albamu ya Hukwe, Chibite. Mwaka 2002 ikafuata Assembly, aliyorekodi na mpiga gitaa Michael Brook wa Kanada. Niliisikiliza kwa furaha kubwa: gitaa la umeme lilipishana na ilimba, na ilimba haikumezwa. Hukwe alifariki mwaka 2003, nami nikahofu kwamba sauti ile imezikwa naye.

Haikuzikwa. Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, walikulia katika ukoo ambamo wanawake waliimba nyuma na kucheza. Sasa wanaongoza wenyewe kwa jina la The Zawose Queens. Wanaimba Kigogo, wanapiga ilimba, zeze na ngoma. Katika albamu yao Maisha, ya mwaka 2024, midundo ya kompyuta imeongezwa mahali pengine, lakini sauti za koo zinazopandana ni zilezile za uwanja wa mavuno.

Kwangu mimi wanawake kuzishika ala hizi ndiyo mageuzi makubwa kuliko jukwaa lolote la Ulaya. Wapiga zeze wa vijijini wanazeeka, na vijana wengi wa kiume wamehamia kwenye spika. Anayetaka ala hizi ziendelee kulia Berega amkalishe binti yake karibu kama anavyomkalisha mwanawe wa kiume, amwekee ilimba mapajani, amfundishe angali mdogo. Nusu ya wanamuziki wetu tuliwanyamazisha kwa desturi. Tukiwafundisha, hatutakosa warithi.