Nilimwombea, sikumuuliza

Jumatano baada ya ibada dada mmoja wetu aliomba maombi. Anafanya usafi wodi ya wagonjwa wa saratani, hapa hapa kisiwani, na ni mjamzito. Nikamwekea mikono, nikataja Zaburi ya 91, nikamwambia aende kwa amani. Sikumuuliza kazini anavaa nini mikononi.

Usiku nikasoma, usingizi ukaruka. Siklofosfamaidi, dawa ya kemo inayotumika sana, ni ya ukoo mmoja na gesi ya haradali iliyounguza askari Vita vya Kwanza vya Dunia. Inamsaidia mgonjwa, kweli, lakini sehemu yake hutoka na mkojo. Na nani anaumwaga? Mwaka 1979 watafiti wa Finland walipima mkojo wa wauguzi walioshika dawa hizi, wakakuta dalili za vitu vinavyoharibu vinasaba. Wauguzi, si wagonjwa!

Kumbukumbu la Torati 22:8 inaagiza ukingo juu ya dari, mtu asianguke. Sisi tunaoanika nguo juu ya mapaa ya Mji wa Kale tunaelewa. Kenya nayo ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007: mwajiri atoe vifaa vya kujikinga.

Alhamisi nikampigia. Glavu ni jozi moja kwa zamu, nyembamba. Hajawahi kupimwa. Hali yake hajaisema, anaogopa kibarua kitaota nyasi.

Kesho saa mbili asubuhi mimi na mama mchungaji tunamsindikiza kwa msimamizi wake. Kama nawe unafanya kazi hiyo, niandikie faraghani leo.