Siku Niliyosahau Jina la Mwanangu

"Mwanao wa mwisho anaitwa nani?"

Nilifungua mdomo, jina halikutoka. Nilikuwa nimesimama kwenye mlima wa barabara ya kutoka Likasi kwenda Lubumbashi, mikono yote miwili imeng'ang'ania baiskeli, magunia matatu ya makala, yaani makaa ya kupikia, yamefungwa nyuma. Muda mfupi kabla ya hapo jasho lilikuwa linanitiririka mpaka shati limenata mgongoni. Sasa ngozi ilikuwa kavu kama karatasi ya mfuko wa saruji, na mwili ulinisisimka kana kwamba ni asubuhi ya baridi ya mwezi wa Juni. Mzee aliyeniuliza alisogea karibu, akarudia swali lake polepole. Nikamwambia niko mzima, aniache nipande.

Nashuhudia habari ya siku hiyo kwa sababu wengi katika kazi yetu huamini kwamba anayeangushwa na jua ni mnyonge. Mimi nilikuwa na miaka 31, na barabara ile nilikuwa nimeipita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kinga ndiyo baiskeli kwetu Katanga. Hii yangu aliinunua baba, aliyefanya kazi kiwandani Shituru tangu ujana wake. Kazi ilipokwisha, pesa ya mwisho aliyotia mkononi aliigeuza kinga, akampelekea fundi aichomelee nondo kwenye fremu na kwenye kibebeo cha nyuma. Kinga yenye mzigo wa makala haiendeshwi njia nzima. Kwenye tambarare unaendesha kidogo, kwenye mteremko unabana gurudumu kwa soli ya kandambili, na mlimani unashuka, unashika usukani kwa mkono mmoja na fimbo iliyofungwa nyuma ya tandiko kwa mkono wa pili, unasukuma huku umeinama. Likasi hadi Lubumbashi ni kilomita kama 120. Tunakwenda siku tatu, kwa kundi, maana bei ya gunia kule ni nzuri kuliko ya nyumbani, na maana kinga iliyolemewa ikianguka mtu mmoja hawezi kuisimamisha. Malori ya madini hayampishi mtu aliyelala barabarani.

Tulikuwa saba. Tuliondoka Kikula, mtaa wa Likasi, saa kumi alfajiri, tukiwa tumekunywa chai na mkate tu.

Ilikuwa Oktoba. Anayejua Katanga anajua mwezi huo: mvua ziko karibu lakini hazijafika, majani mapya ya msitu ni mekundu, mbingu imekuwa nyeupe, na jua la saa sita linasimama juu ya utosi kabisa hata mtu anakanyaga kivuli chake mwenyewe. Lami inarudisha joto usoni. Na miti ya kando ya barabara haipo tena. Hilo nalisema kwa uchungu, kwa kuwa kivuli cha barabara ile tumekichoma sisi wenyewe, tukakiuza gunia kwa gunia, wakati nyaya za umeme zinapita juu ya vichwa vyetu na mama zetu wanaendelea kupika bukari, yaani ugali, kwa makala.

Kwenye daraja la mto Lufira tulipumzika. Mzee, ambaye tunamwita hivyo ingawa bado anasukuma kuliko vijana, ana desturi ya kusimulia pale habari za Septemba 1961. Likasi ilikuwa bado inaitwa Jadotville. Askari zaidi ya 150 wa Ayalandi, waliotumwa na Umoja wa Mataifa, walizingirwa kando ya mji na jeshi la Katanga iliyojitenga na Kongo chini ya Tshombe. Wenzao waliotoka Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kuwaokoa walizuiwa kwenye Lufira, wakashindwa kuvuka. Maji yakawaishia wale waliozingirwa, na tarehe 17 wakajisalimisha. "Risasi walizivumilia," mzee husema, "lakini mtu hapigani na kiu." Siku hiyo nilimsikiliza nusu nusu. Wenzangu walikwenda kujaza maji vibidoni vyao kwa watu wa pale. Mimi nilitikisa changu, nikaona bado kina nusu, nikahesabu uzito. Lita moja ni kilo moja, na mlima uko mbele. Ndivyo nilivyofikiri.

Kichwa kilianza kuniuma tulipoacha mto. Baadaye hasira ikaja, na hiyo ndiyo ninayotaka watu waijue. Sikuhisi ugonjwa. Nilihisi chuki kwa kijana aliyekuwa mbele yangu, jinsi alivyoburuta kandambili zake, kana kwamba ananikusudia. Mzee aliposema nisimame, nilimtukana. Mtu wa umri wa baba yangu! Tusi lenyewe silikumbuki, waliniambia wenzangu. Yeye hakujibu. Aliniuliza tu lile swali la mwanangu. Mimi nilimwona yule mtoto machoni, na shati lake la njano, na kidole chake mdomoni. Jina likawa halipo.

"Shikeni kinga yake," mzee alisema.

Niliing'ang'ania. Wakanibandua vidole kimoja kimoja. Mmoja wao, mdogo kwangu, alikuwa ananibembeleza kwa sauti ya chini: "Yaya, ikala. Kunywa mayi." Yaani kaka, keti, unywe maji. Wakanibeba hadi kwenye kichuguu, kimoja cha vile vikubwa vya kwetu vinavyopita urefu wa nyumba. Juu yake kulikuwa na miti ambayo hakuna aliyeikata bado. Huo ndio ulikuwa msitu wote uliobaki mahali pale, na chini yake kulikuwa na kivuli cha kutosha mtu mmoja aliyelala.

Walinivua shati. Walilowesha kikwembe, wakakiweka shingoni, kwapani, kwenye mapaja, wakapepea kwa kipande cha boksi. Mama mmoja aliyeuza kinywaji cha munkoyo kando ya barabara alitoa sukari na chumvi yake mwenyewe, akapima kama alivyofundishwa kwenye kituo cha afya kwa watoto wanaoharisha: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Walingoja kwanza nijibu wanaponiita, ndipo wakaninywesha kidogo kidogo, kifuniko kwa kifuniko. Nilitapika mara moja. Wakaanza upya. Kijana yule niliyemchukia alishusha magunia yake chini, akarudi mtoni na kinga tupu kuleta maji mengine. Mama alipotakiwa kutaja bei, alikunja uso kama aliyetukanwa.

Saa kumi na moja nilianza kutoka jasho tena. Jua lilipokuwa linazama nikalitamka jina la mwanangu, bila kuulizwa. Mzee alikuwa amenipa mgongo, anakaza kamba. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kukaza.

Mlima ule tuliumaliza usiku. Wanaume watatu walisukuma kinga yangu mpaka juu, wakaiegemeza, wakashuka chini kuchukua zao. Mimi nilikatazwa kugusa chochote. Nilitembea mikono mitupu nyuma yao, na sijawahi kubeba kitu kizito kama mikono ile. Lwisha tulifika usiku wa manane, tukalala barazani kwa mtu. Lubumbashi tuliingia siku ya nne badala ya ya tatu, kwa ajili yangu, na hakuna aliyelitaja.

Nilipouza nilitaka kuwagawia pesa ya gunia moja. Mzee alikataa. Alisema ninunue chumvi na sukari, nizibebe kila safari, na kuanzia sasa nisukume nyuma ya wote, mahali pa kumwona kila mtu.

Ndipo nilipo hadi leo. Juzi, baada ya Lufira, kijana mgeni katika kundi alianza kulalamika juu ya kila kitu: lami, mzigo, sisi. Nikaegemeza kinga yangu, nikamfuata, nikamgusa mkono. Ulikuwa umelowa jasho. Nikamwuliza mama yake anaitwa nani. Alilitaja mara moja, kwa hasira, na jina la ukoo juu yake. Nikampa maji, tukaendelea kupanda.