Jamaa wa Nyambizi Dodoma na Meli Ambayo Hakuwahi Kuiposti

Dodoma hakuna bahari. Kutoka Nyerere Square mpaka uukanyage mchanga wa pwani ni zaidi ya kilomita 400, na mji wenyewe umekaa mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari. Sasa mtu aeleze kwa nini mjuzi mkubwa wa nyambizi kwenye magrupu ya WhatsApp ya mji huu anaishi Area C, anauza chaja na kava za simu, na hajawahi kupanda hata pantoni ya Kigamboni.

Jina lake libaki hukohuko Area C.

Alipata umaarufu Jumapili ile ya tarehe 12 Mei 2024. Unaikumbuka. Intaneti ilikufa nchi nzima, watu wakazima simu na kuwasha, wakalaumu bando, wakalaumu mtandao. Hitilafu ilikuwa kwenye nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Huduma ilipoanza kurudi kwa kusuasua, cha kwanza kufika kwenye grupu ilikuwa voisi ya jamaa, dakika saba kamili: "Ndugu zangu, waya haukatiki wenyewe. Kule chini kuna nyambizi ya mtu."

Watu waliipenda kinoma. Ilisambaa mpaka Chamwino.

Ukweli ni kwamba nyaya za baharini zinapata hitilafu kati ya 150 na 200 kwa mwaka duniani, na nyingi zinaharibiwa na nanga za meli na nyavu za wavuvi. Lakini nani atasambaza voisi ya nanga? Nyambizi ina siri, ina serikali kubwa, ina giza. Na jamaa, tumpe haki yake, hakuwa mtu wa kubuni tu. Anasoma. Ndiye aliyewaeleza watu kuwa Februari 2009 nyambizi mbili zenye silaha za nyuklia, Vanguard ya Uingereza na Le Triomphant ya Ufaransa, ziligongana ndani ya Atlantiki. Bahari yote ile, nchi mbili marafiki, na kila moja imejificha vizuri mpaka mwenzake hakuisikia. Ndiye pia aliyeeleza kuwa chombo cha Titan kilipopasuka Juni 2023 kikielekea kwenye mabaki ya Titanic, mitambo ya jeshi la majini la Marekani iliusikia mlio, huku dunia nzima ikihesabu saa za oksijeni zilizobaki. Na nyambizi ya Argentina, San Juan, ilipopotea Novemba 2017 na watu 44, sauti yake ilinaswa na vituo vya kusikiliza majaribio ya nyuklia, kimoja karibu na kisiwa cha Ascension na kingine kule Crozet, maelfu ya kilomita kutoka pale.

Namna alivyoifafanua ilikuwa ya kwao kabisa. Mtoto aliyekulia karibu na reli ya Dodoma anajua ukiweka sikio kwenye chuma unaisikia treni kabla hujaisikia hewani. Maji nayo yako hivyo. Sauti inakwenda kama mita 1,500 kwa sekunde majini, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na inafika mbali sana. Mawimbi ya redio yanakufa haraka kwenye maji ya chumvi, kwa hiyo huko chini hakuna kuonana. Ni kusikilizana tu. Sona unaitumia kwa njia mbili: unanyamaza na kusikiliza, au unapiga mlio na kungoja mwangwi. Ukipiga, umejitangaza.

Basi siku moja, katikati ya mjadala wa nyambizi ya nani inazunguka Bahari ya Hindi, dada mmoja aliandika. Huyu ni mtumishi wa umma kule Mtumba, mtu wa kuwish watu birthday na kunyamaza. Aliuliza: "Kaka, kwenye hizo nyambizi zako, ipo iliyozamisha meli iliyotoka Mombasa na askari wa huku?"

Jamaa akatuma emoji ya kucheka. Baadaye akaifuta. Usiku ule hakuposti kitu.

Dada hakuuliza kwa kufurahisha grupu. Bibi yake yuko Mpwapwa, mwanamke wa miaka zaidi ya 80, na baba wa bibi aliondoka kwa treni kwenda vitani akimwacha binti mchanga mgongoni mwa mama. Familia inachojua ni vitu vitatu: alikuwa askari wa mizinga, alipelekwa Mombasa, alizama. Karatasi ya jeshi ilikuwepo, ikaliwa na mchwa miaka mingi iliyopita. Kaburi halipo. Kwenye makaburi ya ukoo kuna wake zake na ndugu zake, yeye hana hata jiwe.

Saa saba usiku jamaa alimfuata dada inbox. Safari hii hakukuwa na voisi wala emoji, ni maandishi matupu.

Meli iliitwa Khedive Ismail. Iliondoka Mombasa tarehe 5 Februari 1944 kwenda Colombo, katika msafara wa meli tano zilizobeba wanajeshi. Ndani yake walikuwamo watu 1,511, wengi wao wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na manesi na wanawake wa jeshi la majini. Mchana wa tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ikazama kwa muda wa dakika mbili hivi. Waliokufa ni 1,297. Waliookoka ni 214.

Ukitaka kujua kwa nini hili linauma, angalia ni mangapi yanajulikana na watu kama jamaa kuhusu Titan, iliyokuwa na watu watano. Hii ya 1944 ni mojawapo ya meli zilizoua watu wengi zaidi upande wa Uingereza na washirika wake katika vita ile, ilitoka bandari ya jirani, na haina hata stika. Wala haikuwa nyambizi pekee kufika huku. Mei 1942 nyingine ya Japani, I-30, ilirusha kindege chake juu ya Zanzibar na Dar es Salaam kupeleleza bandari, na mwisho wa mwezi uleule nyambizi ndogo za Wajapani zikashambulia meli za Uingereza Diego Suarez, Madagaska. Hayo hayahitaji tetesi. Yameandikwa.

Dada alisoma, akauliza: "Na hiyo nyambizi ilikimbia?"

Haikukimbia, na hapa jamaa alichukua muda mrefu kujibu. Msafara ulikuwa unalindwa na manowari, mbili kati yao zikiitwa Petard na Paladin, zenye mitambo ya sona. Zilianza kuisaka. I-27 ilikuwa imejificha palepale, chini ya watu waliokuwa wanaelea wakishika mbao. Mtambo unasikia chuma kilichoko chini. Anayepiga kelele juu ya maji hauna habari naye. Petard ikatupa mabomu ya kina, yale yanayolipuka chini ya maji, huku watu wakiwa humohumo. Nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikaharibika katika kujaribu kuigonga, na mwishowe Petard ikaizamisha kwa topido.

"Kwa hiyo waliokuwa majini?" dada aliandika.

Alama ya kuandika ikatokea, ikapotea, ikatokea tena. Jibu lilikuwa: "Pole sana dada."

Kuna watakaosema makamanda walikosea, na wengine watakaosema kuwa nyambizi ingeachwa ingepiga meli nyingine nne zilizojaa watu. Wote wana hoja. Aliyetoa amri alikuwa na dakika chache tu, na bahati mbaya ni kwamba safari ile mtambo ulifanya kazi yake vizuri.

Majina ya waliopotea yameandikwa kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, upande wa Ngong Road, na tume inayotunza makaburi hayo ina orodha mtandaoni. Dada amekaa na orodha hiyo jioni kadhaa. Makarani wa jeshi waliandika majina ya watu jinsi masikio yao yalivyosikia, kwa hiyo jina la Kigogo linaweza kuwa limegeuka kitu kingine kabisa. Amepata matatu yanayokaribiana na la babu. Hakuna lenye kijiji. Jamaa wa Area C anamsaidia kulinganisha, na grupu linashangaa voisi zimekwenda wapi.

Wamebishana jambo moja tu. Jamaa anasema bibi aambiwe yote, amesubiri miaka 80. Dada anasema mzee aachiwe zile dakika mbili, kwamba ilikuwa haraka, hakuteseka.

Juzi alimpigia. Baada ya mbukwa na habari za mvua na karanga, alimweleza jina la meli, tarehe, na zile dakika mbili. Bibi alikaa kimya, kisha akauliza: "Waliowazamisha, walipatikana?"

"Walipatikana bibi, siku ileile."

"Waliwapataje, mjukuu wangu, na wako chini ya maji?"

Dada akasema mtandao unasumbua, hasikiki vizuri. Akakata. Bibi ana simu ya kitochi yenye salio, na tangu jana amepiga mara mbili.