Usiogope Kupogoa Mbuni

Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Bugomora. Nina mibuni yangu pia, katikati ya migomba. Kila mwaka baada ya mavuno hushika msumeno. Jirani mmoja huniuliza, "Mwalimu, mbona unakata sare za watoto?"

Swali lake ni la haki. Kahawa ndiyo sare, madaftari na dawa. Lakini tazama tawi la mbuni. Maua hutoka kwenye vifundo vyake. Kifundo kilichokwisha kuzaa hakizai tena. Basi tawi huzaa mbele zaidi kila mwaka, hata likabaki refu na tupu. Mti nao hurefuka. Mchumaji huuvuta, na shina huvunjika.

Fanya hivi. Ondoa matawi makavu, yenye ugonjwa na yaliyochoka kuzaa. Punguza maotea, uache machache yenye nguvu. Shina lililozeeka likate kiasi cha sentimeta 30 kutoka ardhini. Mkato uwe wa mshazari, maji ya mvua yasituame. Acha shina moja liulishe mti.

Machipukizi mapya huchukua kama miaka 2 kabla ya kuzaa. Je, katika miaka hiyo mtakula nini? Kwa hiyo usikate shamba zima. Kata sehemu mwaka huu, na nyingine mwaka ujao. Mume na mke washauriane kwanza, wapange ni mibuni ipi itangulie. Ndipo mshike msumeno.