Hizo Arobaini na Tano, Wanakuwekea?

Nilifanya KCSE, mtihani wa kidato cha nne, mwaka wa 2017 nikapata C, ile wanafunzi huita C plain. Nilikuwa na pointi 45 kati ya 84. C+, ambayo ndiyo ruhusa ya kusomea shahada, huanzia 46. Kati ya watahiniwa zaidi ya 600,000 wa mwaka huo, waliofika C+ walikuwa 70,000 na ushei, kwa hivyo tuliobaki nje tulikuwa wengi. Lakini nani hupozwa na wingi wa wenzake akiwa amekosa kwa pointi moja?

Huku kwetu mtaa wa Kiandutu, Thika, ushauri ulikuwa mmoja kutoka kila mlango: rudia. Mjomba alikuja Jumapili baada ya kanisa, akaushika mguu wa kuku mkononi bila kuuma hadi amalize kunihubiria. "Pointi moja tu? Rudi shule. Mwaka ni nini?" Jirani alinitajia mtoto wa mtu aliyerudia akaruka hadi B. Mimi nami nilikuwa tayari. Nilishaanza kuulizia shule itakayonipokea, na chuo cha kiufundi nilikiona kama mahali pa kwenda mtu aliyeshindwa.

Aliyenigeuza ni mama. Alirudi jioni kutoka soko la Madaraka, akaketi kuchambua terere za kuuza kesho yake, nami nikamwandikia pointi zangu nyuma ya pakiti ya unga. Hisabati 8, Kiswahili 8, fizikia 7, jiografia 7, kemia 6, biolojia 5, Kiingereza 4. Biashara pia nilikuwa nayo, 5, ila haikuhesabiwa. Mama hakufika mbali na masomo, lakini hesabu za soko anazijua. Aliitazama ile pakiti, akauliza: "Na ukirudia, hizo arobaini na tano wanakuwekea?"

Nikamwambia hapana, unaanza sufuri.

"Basi mjomba wako amekosea hesabu. Hiyo si pointi moja. Ni arobaini na sita."

Usiku huo sikulala vizuri, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Wastani wa KCSE hutokana na masomo saba ya mtihani mmoja. Huwezi kurudia Kiingereza peke yake ukakibandika juu ya hisabati ya mwaka jana. Ningelazimika kuipata upya ile B- ya hisabati na ile B- ya Kiswahili, huku karatasi zikiwa nyingine. Ada ya mtihani, ambayo mara ya kwanza ililipwa na serikali, sasa ingetoka mfukoni mwetu. Ningehitaji shule ya kunikubali kwenye maabara. Na ningesoma wapi? Katika chumba kimoja cha mabati chenye watu watano, mlango ukipakana na baa.

Hesabu ya pili nilifanyiwa na mwalimu wangu wa fizikia. Nilitamani uhandisi wa umeme, chuo kikuu cha JKUAT pale Juja, mwendo mfupi wa matatu kutoka Thika. Alichukua kalamu, akapiga ile fomula ambayo KUCCPS hutumia kupanga wanafunzi vyuoni: masomo manne ya kozi yanawekwa pamoja na jumla ya pointi zako, na wa juu kabisa anapata 48. "Tuseme umerudia ukapata hiyo 46," akasema, "na masomo yako manne yamebaki hivi yalivyo." Jibu lilikuwa kama 27. Kozi niliyoitaka ilikuwa ikichukua wenye zaidi ya 40. Hivyo C+ niliyokuwa nikiililia isingenipeleka kwenye umeme. Ingenipeleka kwenye shahada yoyote iliyobaki na nafasi.

Diploma ya umeme, kwa upande mwingine, ilitaka C-, na hisabati na fizikia zisiwe mbaya. Hizo nilikuwa nazo mkononi siku hiyohiyo.

Kwa hivyo niliomba mapema, kwa alama zilezile, Thika Technical. Mwaka huo wa 2018 serikali ilianza kulipia kila mwanafunzi wa chuo cha kiufundi cha umma shilingi 30,000 kwa mwaka. Karo yote ilikuwa 56,420, ikabaki 26,420, na mkopo wa wanafunzi wa HELB ukasaidia. Hapo ndipo nilijua kwa nini watu husema uwahi. Mkopo unataka barua ya chuo, barua inataka nafasi, na karibu kila karatasi inataka kitambulisho, ambacho mtu wa miaka 18 anaweza kukingoja hadi muhula uanze. Aliyetuma maombi mapema alikuwa na muda wa kuhangaikia hayo yote.

Sitasema mambo yalinyooka tangu hapo. Ile D+ ya Kiingereza ilinifuata hadi kwenye ripoti za karakana, ambazo nilirudishiwa zimejaa wino mwekundu. Lakini katika muhula wa kwanza hakuna mhadhiri aliyeniuliza nilipata nini KCSE. Waliuliza kama nimezima swichi kuu kabla ya kugusa waya. Siku nilipounganisha mota ya nyaya tatu kwa mara ya kwanza, ilizunguka kinyume. Fundi wa karakana akacheka, akanionyesha: badilisha nyaya mbili tu kati ya zile tatu, ya tatu iache. Nikabadilisha, ikazunguka sawa. Tangu siku hiyo nikiulizwa nafanya nini nilijibu, "Nasomea umeme." Zamani nilikuwa najibu kwa alama.

Leo nina leseni ya fundi umeme kutoka EPRA, mamlaka ya nishati, na kazi ya matengenezo kiwandani. Diploma yangu inaniruhusu kusomea shahada, lakini sijaomba bado. Nasubiri, kwa kuwa najua ninachosubiri: mdogo wangu amalize kidato cha nne, nami nimalize deni la HELB.

Mwaka wa 2023 Wizara ya Elimu ilibadilisha namna ya kupata wastani. Sasa wanahesabu hisabati, lugha moja uliyoifanya vyema zaidi, na masomo mengine matano bora. Nilichukua kalamu nikazipanga upya alama zangu za zamani. Kiingereza kinatoka, biashara inaingia, na jumla inakuwa 46. Karatasi zilezile, majibu yaleyale, C+. Nilicheka peke yangu. Kumbe ule mstari niliokuwa nikiuona kama hukumu ulikuwa kanuni tu, na kanuni hubadilishwa.

Matokeo yakitoka, vijana wa mtaa huniletea karatasi zao. Si wote ninaowaambia waombe chuo upesi. Kuna mmoja nilimwambia arudie bila kusita, maana aliugua katikati ya mtihani akakosa karatasi kadhaa, na kwenye mitihani ya majaribio alikuwa na B. Na anayefikiria kurudia ajue pia kwamba darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4, unaoondolewa, litafanya KCSE mwaka wa 2027.

Kila mmoja namuuliza kwanza: alama hizi zinakufungulia nini leo? Kisha: ukirudia, ni kitu gani hasa kitakuwa tofauti? Anayenitajia ugonjwa uliopona, au shule yenye maabara iliyokubali kumpokea, tunakaa chini tupige hesabu. Anayejibu "nitasoma kwa bidii zaidi" bado hajanijibu.