Mafuta ya Taa na Betri ya Simu



Wapendwa Taifa la Mungu, tafakari ya juma hili imezaliwa katika kosa letu wenyewe.

Masika ya mwaka jana tulikwenda kuadhimisha Misa Takatifu katika kigango kilichoko bondeni, mahali pasipofikiwa na mawimbi ya mnara wowote. Tuliondoka parokiani betri ikiwa imejaa, wala hatukupiga simu hata moja. Jioni simu ilikuwa imezimika. Usiku tulipoichaji, ujumbe ukaingia mara 3 mfululizo: baba wa familia moja alikuwa mahututi, akimwomba padre kwa ajili ya Mpako Mtakatifu wa Wagonjwa. Tuliondoka saa ile ile. Tulimkuta amekwisha kufariki. Katekista alikuwa amesali naye. Mjane wake alitukaribisha chai bila neno la lawama, na ukimya ule ungali nasi.

Kijana mmoja wa parokia, fundi wa simu, alitufafanulia. Simu iliyo karibu na mnara hunong'ona, iliyo mbali hupaza sauti: ile ya GSM ya masafa ya 900 huweza kurusha hadi wati 2, ilhali karibu na mnara hushuka hadi miliwati chache. Isipouona mnara kabisa, huendelea kuutafuta, masafa baada ya masafa, na betri huisha bure. Bali iliyokwisha kuupata mtandao hulala, huamka kwa vipindi vilivyopangwa, husikiliza kama inaitwa, kisha hulala tena. Hata katika Wi-Fi, kituo hutoa tangazo kama mara 10 kwa sekunde, na huitunzia simu iliyolala ujumbe wake mpaka iamke.

Kumbe tungaliiweka simu katika hali ya ndegeni tulipoteremka bondeni! Kule hakuna ambaye angetupata kwa vyovyote. Lakini tungalipanda mlima tukiwa na chaji ya kuitikia.

Ndugu wapendwa, tukumbuke wanawali 10 wa Injili ya Mathayo, sura ya 25. Wote walisinzia, wenye busara na wapumbavu. Kosa halikuwa usingizi, bali taa zisizo na akiba ya mafuta. Nasi mara nyingi hatumalizwi na kazi. Humalizwa na kutafuta-tafuta: sifa, habari, maneno ya watu. Jirani anapotuita, tumekwisha kuzimika. Kengele ya Malaika wa Bwana hulia alfajiri, adhuhuri na jioni. Mwenye kuamka kwa saa hizo na kusikiliza hahitaji kupiga kelele mchana kutwa.

Sasa, kila tuendapo vigangoni, mawimbi huzimwa bondeni na kuwashwa kileleni. Ni jambo dogo, lililotugharimu sana kujifunza. Tumwombee marehemu yule, nanyi mtuombee sisi.

Mungu awabariki.

Paroko wenu