Muda wa Ziada Kalemie

Ukivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma kwenda Kalemie, unarudishiwa saa moja. Saa za Tanzania ziko mbele, saa za Kongo ya mashariki ziko nyuma, na katikati pana zaidi ya kilomita 120 za maji. Unapanda meli ya mizigo jioni, unajilaza juu ya mifuko ya saruji, na asubuhi unashuka kwenye nchi ambayo saa kumi na mbili yako ni saa kumi na moja yao. Wafanyabiashara niliosafiri nao hawakugusa hata saa zao. Wao safari wanaihesabu kwa bei ya mafuta. Mimi nilirudisha mshale palepale gatini, kwa furaha ya mtoto. Nina ugonjwa: nashabikia timu ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Kentucky, Marekani, na mechi zake huchezwa watu wamelala. Mechi ya saa nane usiku Kigoma, Kalemie ni ya saa saba. Aliyewahi kukesha anajua thamani ya saa hiyo.

Ugonjwa wenyewe nimeupata ukubwani, na aliyeniambukiza ni Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi wa mwaka 1999. Alihamia Kentucky kutoka chuo cha West Virginia, na msimu wa 2021–22 ndio uliokuwa wa kwanza kwake kucheza na jezi hiyo ya buluu. Tarehe 22 Desemba 2021 alidaka ribaundi 28 katika mechi moja, rekodi ya ukumbi wa Rupp Arena. Wengi hupenda wafungaji. Mimi napenda yule anayesimama chini ya pete akingoja mpira uliokosewa na wenzake, auokote na kuufanya kuwa mali. Msimu ule alikuwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, na akatunukiwa tuzo za mchezaji bora wa vyuo vya Marekani nzima.

Sasa, Kalemie na Lubumbashi ni mbalimbali mno. Lakini mpaka mwaka 2015 zote zilikuwa mkoa mmoja wa Katanga; ulipogawanywa ndipo Tanganyika ikawa mkoa wake yenyewe na Kalemie makao yake makuu. Mama mdogo ameolewa Kalemie, na alikuwa akinilaumu miaka kwa kutokwenda kumsalimia. Nikaipanga safari iangukie katikati ya Machi 2022, wiki ambayo timu 68 za vyuo zinaanza mashindano ya mtoano, ukifungwa mara moja unafunga mizigo. Mama mdogo aliamini nimekwenda kwa ajili yake. Sikumkatalia.

Mji umelala kwa urefu kati ya vilima na ziwa, kama mtu aliyejinyoosha ufukweni, na barabara ya Lumumba ndiyo uti wake wa mgongo. Wabelgiji walianza na kituo cha kijeshi mwaka 1892, wakauita Albertville. Reli kutoka Kabalo ilifika mwaka 1915, kilomita 273, ili mzigo wa Mto Kongo ukutane na mzigo wa ziwa. Kiwanda cha nguo cha Filtisaf kimenyamaza miaka mingi, na kukitazama kunauma. Ila mji haujanyamaza. Ufukweni akina mama wanaanika ndagala, motari wanapiga honi kwa sababu na bila sababu, na jioni moshi wa mikebuka inayochomwa unatembea mtaa kwa mtaa mpaka unasahau ulikuwa unaenda wapi. Nimekula samaki huyo Kigoma tangu utotoni, nikimwita mgebuka. Kalemie nimemla na bukari ya muhogo, sombe pembeni, na nasema bila hofu ya ndugu zangu wa Ujiji: wenzetu wanajua kumchoma.

Ukisema bukari ni ugali umeshaanza kujifunza Kiswahili cha huku. Siku ya kwanza kijana mmoja aliniita “yaya”, nikageuka kutafuta mlezi wa watoto. Kumbe yaya ni kaka au dada mkubwa, heshima kamili. Siku ya pili nilimwambia jirani ya mama mdogo kwamba naandika makala. Akanitazama mikono, ikiwa safi, akauliza nauza gunia kwa bei gani. Makala huku ni makaa. Nikamweleza, akacheka akajishika kiuno, na tangu hapo nikawa “yaya wa makala”. Watoto wakanipokea hivyo nilipopita.

Kila mgeni anapaswa kupelekwa mdomo wa Lukuga. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 na zaidi, na kina kinachokaribia mita 1,470; mito mingi inaingia humo, unaotoka ni mmoja tu, nao ni huu. Unaondoka Kalemie kimyakimya kuelekea magharibi mpaka Lualaba. Wazungu wa karne ya 19 walibishana sana juu yake. Cameron alifika mwaka 1874 akasema hapa ndipo maji yanapotokea. Stanley akaja mwaka 1876 akakuta mafunjo na tope vimeziba, maji yamesimama. Wote wawili waliona sawasawa. Miaka michache baadaye ziwa lilijaa, likabomoa kizibo, na mwaka 1879 mmisionari Edward Hore aliukuta mto unakwenda kwa nguvu. Leo pia ziwa lina hasira zake: mwaka 2024, baada ya safari yangu, lilipanda likaingia nyumba za watu kandokando ya ufukwe.

Nilisimama pale nikawaza wachezaji wa Kongo. Mlango wao nao ni mwembamba, na kuna miaka unaziba. Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka 1987 na ufadhili wa masomo, akiwaza udaktari, na kocha wa Georgetown, John Thompson, akamwona urefu. Wengine hawapiti chuoni kabisa: Bismack Biyombo, mwana wa Lubumbashi vilevile, alizungukia Yemen kisha Hispania, na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, aliingia ligi kuu ya Marekani mwaka 2021 bila kuchezea chuo hata siku moja. Mimi hao wa chuo ndio nawapenda, labda kwa sababu hawakai. Timu ya chuo ni gati. Unamzoea mtu msimu mmoja, miwili ukibahatika, kisha anapanda meli, na wewe unabaki na jezi ikivaliwa na mwingine. Shabiki wa klabu ya kawaida hawezi kuelewa kwa nini tunajitesa hivyo. Mtu wa Kalemie ataelewa haraka. Huku kila mtu ana mtu wake aliyeondoka na boti au treni.

Usiku wa mechi, Alhamisi ya tarehe 17 kuamkia 18, ulikuwa na mwezi mpevu. Hilo ni jambo kubwa kuliko unavyodhani. Ndagala huvuliwa wakati wa giza: mitumbwi inatoka na taa, samaki wanaufuata mwanga, na ukitazama kutoka kilimani unadhani kuna mji mwingine katikati ya maji. Mwezi ukijaa, taa haina kazi, wavuvi wanabaki nchi kavu kushona nyavu na kutafuta la kufanya. Basi kwenye baraza la binamu yangu tulikuwa watu tisa, watano kati yao wavuvi, simu moja imeegemezwa kwenye sufuria. Umeme ulikuwa umekatika tangu magharibi. Hatukuuhitaji. Mwezi ulikuwa umechomoza kutoka ziwani kama sahani ya shaba, na uwanja wote wa nyumba ulikuwa mweupe.

Mpinzani alikuwa Saint Peter's, chuo kidogo cha Wajesuiti kutoka Jersey City, ambacho timu yake inaitwa Tausi. Kentucky wamechukua ubingwa mara 8. Walikuwa wamepangwa wa 2 katika kanda yao, Tausi wa 15. Niliwaambia wavuvi tutalala mapema. Mvuvi mmoja mzee hakuwa amewahi kutazama kikapu, lakini alimwona Tshiebwe akidaka mpira wa kwanza juu ya mikono ya watu watatu, akasema, “Ule mutoto eko wa kwetu.” Nikasema ndiyo, mzee, wa Lubumbashi. Akajibu, “Nilijua. Anangoja kama mvuvi.”

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kalemie aliyekaa karibu yangu akauliza swali ambalo kila mtu huuliza: analipwa ngapi? Nikamweleza kwamba chuo kinamlipia masomo na malazi. Kwamba tangu Julai 2021 wanafunzi wa Marekani wameruhusiwa kuvuna pesa kwa jina na sura zao, matangazo na kadhalika, lakini mgeni mwenye viza ya mwanafunzi amefungwa mikono kwa sheria za uhamiaji. Bora wa wote, na wenzake wa benchi wanaweza kumzidi kipato. Akafikiri kidogo. “Basi eko motari wa pikipiki ya patron,” akasema. Sijasikia wala kusoma maelezo mafupi kuliko hayo ya mchezo wa vyuo.

Mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi kama mawimbi. Picha inaganda Tshiebwe akiwa hewani, sote tunamngoja atue, ikizinduka tunakuta dakika mbili zimepita na Tausi wamefunga tena. Yupo mchezaji wao wa akiba mwenye masharubu, Doug Edert, aliyetoka benchi akafunga pointi 20. Wavuvi walimpenda kwa sababu ya yale masharubu, na kufikia mwisho wa kipindi cha pili baraza lilikuwa limegawanyika. Wasaliti wanne. Muda ukaisha matokeo ni sare. Muda wa ziada. Binamu akatia makala kwenye mbabula, chai ikawekwa upya, na mimi nikakumbuka kwamba Kigoma saa hiyo alfajiri ilikuwa inabisha hodi, wakati hapa bado tulikuwa na usiku wa kutosha.

Kentucky walifungwa 85–79. Tshiebwe alimaliza na pointi 30 na ribaundi 16, na ilikuwa kazi bure. Nilinyamaza. Hakuna aliyenicheka, na hilo sitalisahau. Kigoma wangenicheka mpaka Ijumaa ya pili. Mzee alinimiminia chai akasema nyavu zikirudi tupu mtu hachomi mtumbwi.

Hatukulala tena. Tuliteremka ufukweni kungoja jua, na hapo ndipo Kalemie iliponishinda kabisa. Sisi wa Kigoma tumezaliwa tukiona jua likizama ziwani, nyuma ya milima ya Kongo. Sijawahi kufikiri kwamba kuna watu ambao kwao jua linatoka majini. Lilitoka upande wa kwetu, jekundu, polepole, likafuata njia ileile ambayo mwezi ulikuwa umepita jioni, na maji yote yakawa kama mafuta ya mawese. Nilikuwa nimefungwa, nina usingizi, miguu imelowa, na sikutaka kuwa mahali pengine popote.

Asubuhi mwanafunzi yule alinitembeza sehemu ya bandari, kunifariji kwa historia. Katika vita vya kwanza vya dunia, akasema, ziwa lote lilikuwa la Wajerumani kwa sababu wao ndio waliokuwa na meli. Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson akaleta boti mbili ndogo za mbao, kila moja kama mita 12, kutoka Cape Town kwa reli, kwa kukokotwa na mashine za mvuke porini, na kwa mito, mpaka hapa. Aliziita Mimi na Toutou, majina ambayo Wafaransa huitia paka na mbwa. Tarehe 26 Desemba 1915 vijiboti hivyo vikaikamata meli ya Kijerumani Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Mimi ikatoka tena, safari hii pamoja na ile Kingani iliyobatizwa Fifi, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa. “Unaona, yaya,” akasema, “wadogo kupiga wakubwa kumeanzia Kalemie.” Nikamwambia timu yangu mimi ndiyo inayoitwa Paka Pori, kwa hiyo Mimi ni wetu. Alikataa katakata.

Tausi wale waliendelea mpaka timu nane za mwisho, timu ya kwanza ya nafasi ya 15 kufika huko. Tshiebwe, kinyume na desturi ya mastaa wa vyuo, alirudi Kentucky mwaka uliofuata, akadaka ribaundi 25 katika mechi moja ya Machi 2023 dhidi ya Providence, kisha akaondoka. Mama mdogo alikuja kujua sababu ya kweli ya safari yangu, naye ananiuliza kila mwaka Machi ikikaribia kama timu yangu imefuzu.

Nawe ukitaka kwenda, tazama kwanza mwezi. Ukitaka kuona ule mji wa taa juu ya maji, fika wakati wa giza. Ukitaka watu wa kukesha nao, fika mwezi mpevu, na usisahau kurudisha saa yako nyuma.